Skafu ya duara: ya kuzungusha au ya kuunga, tupu au ya rangi?

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti baridi yake haina utani. Dereva wa bodaboda anayetoka saa kumi na moja alfajiri hujifunga chochote: taulo, mtandio wa mke wake, hata sweta la mtoto alilolizungusha shingoni. Wakati huo ndipo wanapokuja wateja wa skafu ya duara, ile isiyo na ncha, unayoipitisha kichwani na kuivuta mpaka puani upepo ukizidi. Kwa mtu wa pikipiki haina mpinzani, maana skafu ndefu inayopepea mgongoni na tairi linalozunguka havitakiwi kukutana. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa hivyo mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1927, skafu yake ndefu iliponaswa kwenye gurudumu la gari alilopanda.

Kwa kufuma, ni kazi ya jioni tatu au nne, na ndiyo maana kila anayejifunza kroshia anaikimbilia. Ila wengi huipanga kinyumenyume. Wanaanza na uzi kwa sababu waliuona dukani ukawapendeza, wanafuata na mshono wanaoujua, na wakishafika katikati ndipo wanakumbuka kwamba walitaka na mchoro. Mimi nasema anza na rangi. Ukishajua kama unataka mchoro, mistari tu, au rangi moja, hayo mengine karibu yatajichagua yenyewe.

Nitatumia majina ya mishono kama tunavyoyasema tukiwa tumekaa na sindano mkononi: cheni (mnyororo wa vitanzi wa kuanzia kazi), singo (mshono mfupi), nusu dabo (wa kati), dabo (mrefu). Haya ni ya mtindo wa Marekani. Ukikuta maelekezo ya Kiingereza yaliyoandikwa Uingereza, kile wanachokiita dabo ndicho singo yetu, na dabo yetu wao wanaiita trebo. Nimeona mtu akifuma skafu nzima kwa mshono usio wenyewe kwa sababu ya hilo, na yake ikatoka ndefu kama soksi ya mpira.

Ya kuzungusha au ya kuunga

Njia ya kwanza: unafuma cheni, unaiunganisha iwe pete, kisha unapanda juu mzunguko kwa mzunguko mpaka urefu wa shingo utimie. Ukimaliza umemaliza, hakuna pa kushona. Njia ya pili: unafuma kipande bapa cha mstatili, unageuza kazi kila safu, kisha unaunganisha ncha mbili.

Wanaoanza huambiwa ya kuunga ndiyo rahisi. Si kweli kwa kila mtu. Kipande bapa kina kingo mbili, na kingo ndiko anayeanza anakopotezea mishono. Safu hii ana 29, inayofuata 28, baada ya sentimita ishirini kipande kimekuwa tanga la ngalawa. Kwenye duara hakuna kingo. Shida ya duara iko mwanzoni tu: cheni ndefu hupenda kujinyonga, na ukiiunganisha ikiwa imejinyonga, skafu nzima itakuwa na kisokoto kisichotoka mpaka ufumue. Dawa yake ni hii. Usiunganishe cheni. Fuma kwanza safu moja ya singo ikiwa bapa, ilaze mezani uinyooshe, halafu ndipo uunganishe. Kitabaki kipengo kidogo chini, utakiziba na mkia wa uzi ulioachwa mwanzoni, na hakuna atakayekiona.

Ya kuunga nayo ina sifa ambayo duara haiwezi kuipata kirahisi: inavutika. Tazama mshono wowote kwa juu, utaona umbo la V lenye nyuzi mbili, wa mbele na wa nyuma. Ukiingiza sindano chini ya ule wa nyuma peke yake, kila safu, kitambaa kinapata matuta kama ncha ya mkono wa sweta. Fuma hivyo kwa nusu dabo, mishono 29 kwenda juu (kwa uzi wangu hiyo ni kama sentimita 22), na uendelee mpaka kipande kifike sentimita 55. Unganisha. Ukiivaa, matuta yanasimama wima shingoni, skafu inapanuka kupita kichwani na kurudi kubana. Duara la kawaida halirudi namna hiyo, kwa hiyo lazima uliachie nafasi. Kichwa cha mtu mzima kina mzingo wa sentimita 55 hadi 58 hivi, basi duara lako lisipungue 60.

Kwa skafu ya rangi moja ya mtu anayefanya kazi nje, nachagua ya kuunga bila kufikiri mara mbili. Kwa skafu yenye mchoro, duara. Sababu inakuja kwenye rangi.

Kuna na ile ndefu ya kuzungushwa shingoni mara mbili, sentimita 130 hadi 150. Ni nzuri kwa anayekaa ofisini au anayesafiri na basi la usiku. Inakula uzi mara mbili na zaidi, na ukiipakia mchoro utachoka.

Singo, nusu dabo, dabo

Hapa hesabu inasema yenyewe. Hii ni ya mkono wangu, uzi wa unene wa kati, sindano ya milimita 5, skafu ya duara yenye mzingo wa sentimita 60 na kimo cha 22:

| Mshono | Mishono kila mzunguko | Mizunguko | Jumla ya mishono |
|---|---|---|---|
| Singo | 84 | 35 | 2,940 |
| Nusu dabo | 78 | 22 | 1,716 |
| Dabo | 78 | 15 | 1,170 |

Mkono wako si wangu. Fuma kipande cha sentimita 12 kwa 12, kioshe, kikauke, uhesabu mishono iliyoko kwenye sentimita 10 za katikati. Najua hakuna anayependa kufanya hivyo. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa naruka, nikapata skafu iliyomfaa mdoli.

Dabo ni ya haraka, inalegea na kuanguka vizuri, lakini ina vitundu, na upepo wa Makete, huku huku mkoani Njombe, unajua vitundu. Singo inaziba kila kitu ila ni nzito na ngumu kiasi. Nusu dabo iko katikati, na kama huna mpango wa mchoro usipoteze muda, chukua nusu dabo. Ukitaka mchoro, singo, kwa sababu umbo lake linakaribia mraba. Linakaribia tu: kwa mkono wangu sentimita 10 zina singo 14 kwa upana lakini safu 16 kwa kimo, maana yake kila mshono ni mpana kuliko ulivyo mrefu. Mchoro ulioupanga kwenye karatasi ya miraba utatoka umebonyea kidogo. Mduara utakuwa yai lililolala.

Ile 84 nayo sikuichagua kwa bahati. Inagawanyika kwa 6, 7, 12, 14, 21 na 28 bila kubakiza. Ukiwa na kipande cha mchoro chenye miraba 12 kitajirudia mara saba kamili, cha 14 mara sita. Namba kama 82 inaonekana jirani kabisa, lakini jaribu kuigawa kwa 12 uone utakavyobaki na kipande cha ua kinachoning'inia pale mizunguko inapokutana.

Rangi, na hapa tukae kidogo

Njia ninazozitumia ni nne, na tofauti yake kubwa ni swali moja: uzi usiotumika kwa wakati huo unakaa wapi?

Mistari ndiyo ya kwanza. Unafuma mizunguko kadhaa ya rangi hii, unabadili. Uzi usiotumika unasubiri pembeni au unaukata. Siri yake ni kubadili rangi kabla ya kumaliza mshono: kwenye singo ya mwisho ya rangi ya zamani, ukishabaki na vitanzi viwili kwenye sindano, vuta rangi mpya kuvipitisha vyote viwili. Ukisubiri mpaka mshono uishe, kichwa chake kitabaki na rangi ya zamani na mstari utakuwa na jino. Kumbuka pia kwamba skafu ya kuunga yenye matuta inavaliwa ikiwa imegeuzwa, kwa hiyo mistari yake inasimama wima, na ya duara inalala. Watu wenye shingo fupi hupenda ya wima, wakishaambiwa.

Ya pili ni ya kubeba uzi ndani. Rangi mbili zinatembea pamoja mzunguko mzima: moja inafuma, nyingine imelazwa juu ya mishono ya chini na inafunikwa. Mraba wa mchoro ukitaka rangi ya pili, zinabadilishana. Ndiyo njia ya mikoba ya Wawayuu wa La Guajira, kule Colombia, na ukiwahi kushika mkoba mmoja wa namna hiyo utaelewa faida na hasara kwa wakati mmoja. Inachora chochote: ndege, jina la mtu, nembo. Lakini inatoa kitambaa kinachosimama chenyewe. Kwa mkoba hiyo ni sifa.

Kwa shingo, nilijifunza vibaya. Nilimfumia kijana mmoja wa bodaboda skafu ya rangi tatu, mchoro toka juu mpaka chini, nyuzi mbili zimebebwa ndani ya kila mshono. Mezani ilikuwa inaita. Akaivaa, akageuza shingo kutazama barabara, skafu ikabaki inatazama mbele. "Dada," akaniambia kwa upole sana, "hii ni skafu au bomba la maji?" Niliifumua jioni mbili, na rangi tatu zilizofungamana hazifumuki kwa amani.

Tangu hapo napanga skafu kama kanga. Kanga ina pindo na mji wake. Mimi mchoro nauweka kwenye pindo peke yake, mizunguko 9 hadi 11, na mji naacha mtupu. Na pindo hilo nalishusha chini, upande unaotua kwenye mabega. Pale skafu inatandazika, mchoro unaonekana, na ule ugumu unasaidia skafu isijikunje. Juu, karibu na kidevu, ni mahali pa mshono laini mtupu. Isipokuwa kama mvaaji ataifungia ndani ya jaketi. Huyo pindo lake litafichwa, basi mpandishie mchoro katikati, mizunguko mitano tu, au umshauri mistari.

Mambo mawili zaidi kuhusu njia hii. Fuma ukizunguka na upande wa mbele unakutazama wakati wote. Ramani ya mchoro utaisoma kutoka kulia kwenda kushoto kila mzunguko (kama unatumia mkono wa kulia). Ukiifanya kwenye kipande bapa utalazimika kusoma safu moja huku, nyingine kule, na migongo ya mishono itachanganyika na nyuso zake mpaka kingo za mchoro zionekane zimetafunwa na panya. Ndiyo sababu niliyosema mchoro ni wa duara. Pili, singo za kuzunguka hazikai wima, kila mzunguko unasogea kulia kidogo. Mstari uliotaka unyooke utainama. Michoro yenye pembetatu, mawimbi na mishale haijali, inainama kwa heshima. Herufi zinajali. Mteja akitaka jina lake, mwonyeshe kwanza herufi moja.

Ya tatu inaitwa mozaiki, na mkono wangu ndiyo inaoipenda siku hizi. Kila mzunguko una rangi moja tu. Unafuma singo kwenye uzi wa nyuma wa V, na pale mchoro unapotaka, unashusha dabo mpaka kwenye uzi wa mbele wa mzunguko wa pili chini, ambao una rangi ile ile unayofuma. Hiyo dabo inalala juu ya rangi nyingine na kuifunika. Hakuna uzi unaobebwa, hakuna kubadilishana katikati ya njia, unabadili pale mizunguko inapokutana tu. Kinachotoka ni ngazi, mapembe na vizingiti kama vya vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu, na ndani yake, upande wa nyuma, mna mistari safi, kwa hiyo skafu ikikunjwa ukingo hakuna aibu ya kuficha. Gharama yake: kitambaa kinanenepa kwa sababu ya zile dabo za juu, uzi unaliwa zaidi kuliko singo tupu, na haiwezi kuchora chochote upendacho. Ndege sahau. Jina la mtu sahau. Lakini anayejua singo na dabo tayari anajua mozaiki, na kwa mara ya kwanza ya rangi mbili namshauri hii kuliko kubeba uzi.

Ya nne ni ya wanaochelewa kuamua. Maliza skafu ya singo ya rangi moja. Kisha shika rangi ya pili kwa ndani, chomeka sindano kutoka nje, vuta kitanzi, songa mbele mshono mmoja, vuta kingine ukipitisha kwenye cha kwanza. Unapata cheni inayotambaa juu ya kitambaa popote unapotaka iende. Usiivute ikakaza, maana cheni iliyokaza inaua mvutiko wa skafu yote. Mteja asipoipenda unaitoa kwa dakika tano na skafu yako iko salama. Ni njia ndogo lakini imeniokoa mara nyingi, hasa kwa wale wanaosema "weka rangi moja tu" halafu siku ya kuchukua wanauliza mbona haina nakshi.

Kabla ya kulipia rangi, ziweke pamoja dukani na uzipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zikionekana kijivu kimoja, mchoro wako hautasomeka mtu akiwa hatua tatu. Nyekundu na kijani cha majani, ambazo kwa macho zinagombana, kwenye picha hiyo mara nyingi ni mapacha.

Uzi, kwa ufupi

Uzi wa sweta unaojaa madukani ni akriliki. Ni nafuu, hausinyai ukifuliwa, unakauka haraka, rangi ni nyingi. Ubaya wake ni joto. Pasi ikiugusa, kitambaa kinalegea moja kwa moja na hakirudi tena, na karibu na jiko la mkaa cheche moja inauyeyusha. Sufu ya kondoo ndiyo yenye joto la kweli hata ikilowa, na haishiki moto kirahisi, ila ni ghali, wengine huwawasha shingoni, na ukiifua kwa maji ya moto huku ukiisugua itajikaza mpaka imfae mtoto mchanga. Pamba ni ya Dar es Salaam na Mombasa, kwa ajili ya kiyoyozi cha ofisini. Huku juu inanyonya ukungu wa asubuhi na kukaa na maji mpaka mchana. Tena pamba nyekundu huchuja, ifue peke yake kabla ya kuifuma na nyeupe.

Kwa skafu fupi ya duara tenga gramu 100 hadi 120 za uzi wa unene wa kati, na ukienda mozaiki ongeza. Kwa mchoro wa pindo, rangi ya pili haizidi gramu 25, kwa hiyo usinunue donge zima kama una mabaki ya unene ule ule nyumbani. Rangi kuu ndiyo ya kuinunua yote siku moja. Soma lebo, utaona namba ya loti, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, karibu na namba ya rangi. Madonge mawili yenye rangi moja lakini loti tofauti yanafanana sana chini ya taa ya duka. Ukitoka nayo juani, mzunguko wa ishirini unaonyesha mahali hasa ulipofungua la pili.